Watu wa Kwenye Bango

Ilikuwa nchi, na ipo hata leo, maana nchi haifi eti kwa sababu raia wake wanakufa. Jina lake niacheni nalo. Nikilitaja mtaanza kunitazama kwa jicho lile, na mimi sina ugomvi na mtu. Ilikuwa nchi nzuri, yenye wimbo mrefu na mawaziri wengi, na katikati ya mji wake mkuu ilipita Barabara ya Shangwe.

Barabara ya Shangwe ilikuwa na njia nne kwenye ramani. Kwa mazoea zilikuwa saba, na siku ya foleni zilifika tisa, ukihesabu na ile inayopita barazani kwa watu. Moshi wake tuuache tu. Shati jeupe likianikwa asubuhi lilianuliwa adhuhuri likiwa la kijivu, na mwenye shati alishukuru kwamba kamba bado ipo. Watu walivuka pale kwa kusoma dua, kukunja nguo na kutoka mbio. Wengi walifika. Wasiofika walifunguliwa jalada.

Basi Serikali, kwa huruma zake, ikaamua kuijenga upya. Waziri wa Mwendo na Hewa akapanda jukwaani na kutangaza kwamba sasa kutakuwa na njia ya mabasi peke yake, njia ya baiskeli, miti pande zote mbili, na mahali pa kutembea ambapo watu watatu wenye miavuli watapishana bila kutukanana. Na mbele ya Shule ya Msingi Mkunguni, ambapo watoto mia sita huvuka kila siku, kutakuwa na kivuko chenye taa.

"Ndugu wananchi!" akanguruma. "Lami si barabara! Lami ni lami. Barabara ni moyo! Na moyo huo mimi ninao hapa!" Akajipiga kifua, kipaza sauti kikapiga ukelele. Watu wakashangilia sana, kwa kuwa walisimamishwa juani tangu saa mbili na hakukuwa na njia nyingine ya kuruhusiwa kwenda nyumbani.

Kazi ya kuichora barabara hiyo mpya ikamwangukia Kondo Mwinjaka, mchoraji wa Wizara. Alikuwa mtu mpole wa miaka arobaini, na mpaka siku ile kazi yake kubwa ilikuwa kuandika USITUPE TAKA HAPA mahali ambapo taka zilishafika. Alifurahi, maskini. Akapewa bango la mabati la urefu wa hatua thelathini, akachora miti, akachora mbingu ya buluu ambayo mji ule ulikuwa haujaiona kwa miaka, na humo ndani akaweka watu aliowakuta kwenye kitabu kimoja cha michoro kutoka nje: mama mweupe na mbwa wake, kijana wa viatu vya magurudumu, na mzee anayelisha njiwa.

Waziri akaja kulikagua. Akalitazama kutoka mwanzo mpaka mwisho, mikono nyuma.

"Huyu mama mwenye mbwa," akauliza, "ni mpiga kura wa kata gani?"

Akageuka bila kungoja jibu.

"Toeni hawa! Nataka nyuso za hapa. Mwananchi akipita ajione! Jumatatu nalizindua."

Siku hiyo ilikuwa Ijumaa, saa nane mchana. Kondo akakimbilia ofisini kwa Mkurugenzi wake, Bi Leokadia, mwanamke mwenye mihuri kumi na mmoja mezani na kanuni zote kichwani.

"Picha ya mtu aliye hai," akasema Bi Leokadia bila kuinua macho, "inataka idhini yake kwa maandishi, nakala tatu, barua ya mtendaji wa mtaa, na mashahidi wawili wasio ndugu zake. Siku ishirini na moja za kazi."

"Bosi, ni Jumatatu."

"Picha ya marehemu," akaendelea kwa sauti ile ile, "kwa kuwa hana pingamizi, inataka saini yangu tu."

Kondo akacheka, akidhani anataniwa. Bi Leokadia hakucheka. Akavuta droo, akatoa ufunguo wa kabati la chumba cha pili, ambamo yalikaa majalada ya wote waliokufa Barabara ya Shangwe. Kila jalada lilikuwa na picha ndogo ya kichwa na mabega, iliyoletwa na ndugu siku ya kuandikisha msiba.

"Unataka nyuso za hapa," akasema. "Hawa ni wa hapa hapa. Na barabara wanaijua."

Ningependa kuwaambia kwamba Kondo alikataa. Hakukataa. Alisimama mbele ya lile kabati, roho ikamwuma, akajiambia Jumatatu imebaki siku tatu, akafungua.

Jumamosi na Jumapili akawa anabandika nyuso zilizokuzwa na kuzichorea miili. Alijitahidi kuwatendea wema. Aliyeandikwa kwamba alipoteza miguu alimpa miguu na viatu vya ngozi. Mzee Pembe, muuza magazeti aliyekufa akikusanya magazeti yake yaliyopeperushwa na lori, alimpa kanzu iliyonyooka na kiti cha kukaa chini ya mti. Waendesha baiskeli aliwapa baiskeli zao, nzima. Hakumweka mtu bila kumwomba radhi kimoyomoyo.

Sasa kulikuwa na kanuni nyingine, ya kumi na nne, iliyosema kitu chochote cha barabarani ambacho hakina mtumiaji kwenye mchoro kifutwe, maana hakihitajiki. Kila benchi likapata wa kulikalia. Kikabaki kivuko cha shule. Na katika kabati ilibaki picha moja ya umri wa kufaa: Mwantumu, miaka kumi, darasa la nne, kola ya sare imepigwa pasi mpaka inang'aa. Kondo akambandika katikati ya kivuko, akamchorea begi, mguu mmoja mbele. Taa ya magari akaipaka kijani, kwa sababu Waziri hapendi kuona magari yamesimama. Na kule mwisho kabisa wa bango, kwenye kituo cha mafuta, akachora basi jipya, dogo kama kiberiti.

*

Jumatatu Waziri akavuta pazia.

"Tazameni!" akasema. "Barabara isiyo na ajali hata moja! Hewa safi! Watu wenye furaha! Nani alisema hatuwezi?"

Watu wakatazama. Makofi hayakuja. Kukawa kimya mpaka injini za magari zikasikika moja moja. Halafu mzee mmoja wa mbele akavua kofia yake, akasema kwa sauti ya kawaida, kama anampita mtu kibarazani, "Pembe, umeamkaje?"

Mama mmoja akaketi chini, hapo hapo vumbini. Mwingine akainua mkono akapunga. Majina yakaanza kutajwa huku na huku, kwa upole, na kila jina lilipotajwa waliokuwa karibu wakageuka kumtafuta mwenyewe. "Yule pale, kwenye benchi. Wallahi ni yeye. Amenenepa!"

Waziri akamwinamia Bi Leokadia. "Wameguswa na mchoro," akamnong'oneza. Bi Leokadia akasema ndiyo, wameguswa.

Tangu siku hiyo bango likawa na wageni wake. Watu walipita asubuhi kuwasalimu wao na alasiri kuwaaga. Wajane walileta habari za wajukuu. Ilisemekana kwamba huko wanaendelea vizuri, kikohozi kimewaacha, na kwa kweli ndivyo walivyoonekana. Masizi ya barabara yalitua juu ya bango lote, yakaifanya mbingu ya Kondo kuwa nyeusi ndani ya wiki moja, yakafunika miti na madirisha. Kwenye zile nyuso hayakutua. Kondo alipanda ngazi na kitambaa kuzifuta, akakuta hakuna cha kufuta. Akashuka haraka kuliko alivyopanda.

Wizara nayo ilifurahi, maana tangu bango lisimame hakuna aliyeuliza ujenzi unaanza lini. Watu walikuwa wamepata walichokuwa hawajui kwamba wanakitaka.

Mmoja tu hakutulia. Huyu aliitwa Bi Sikudhani, dobi wa nyuma ya shule, mwenye pasi ya mkaa na mkono wa kulia mzito kuliko wa kushoto. Alikuwa mama yake Mwantumu. Kwa wiki tatu alikuja kila siku, akasimama mbele ya kivuko. Wiki ya nne akamfuata Kondo mpaka ofisini, akasimama mlangoni na ndoo yake.

"Wewe ndiye fundi wa lile bango?"

"Ndiye mimi, mama. Pole sana kwa—"

"Pole nilishapewa. Nimekuja kwa jambo moja. Mwanangu umemwacha katikati ya barabara."

Kondo akaweka brashi chini.

"Wenzake umewaketisha. Wengine umewapa baiskeli. Wangu umemsimamisha pale, na basi linakuja."

"Mama Mwantumu, lile basi ni rangi tu. Liko mbali, kule kwenye kituo cha mafuta."

"Lilikuwa kwenye kituo cha mafuta," akasema Bi Sikudhani. "Twende ukaone."

Wakaenda. Basi lilikuwa limekiacha kituo cha mafuta. Lilikuwa limepita duka la dawa, limepita mti wa nne, na lilikuwa limekua, kwa kiasi kile kile ambacho basi hukua likikaribia. Kondo alimtafuta mtu wa kumkasirikia, aliyechezea mchoro wake. Lakini mkono uliochora lile basi kubwa ulikuwa mkono wake, aliujua, na hakukumbuka kulichora.

"Mvushe mwanangu, fundi," akasema Bi Sikudhani. Sauti yake haikuwa ya kulia. "Hatua nne tu. Mara ya kwanza sikuweza. Hii ya pili nisimame nitazame tena?"

*

Kondo akajaza fomu. Maombi ya Kumhamisha Mtumiaji Mmoja, Umbali wa Hatua Nne, Kuelekea Mashariki. Bi Leokadia akaisoma mara mbili.

"Ukimtoa, kivuko kinabaki kitupu. Kikiwa kitupu, kanuni ya kumi na nne inakifuta. Kikifutwa kwenye mchoro, hakijengwi. Wale watoto mia sita watavukia wapi?"

"Basi nimweke marehemu mwingine."

"Halafu basi limkute huyo mwingine?" Kwa mara ya kwanza Bi Leokadia akainua macho, na Kondo akaona kwamba na yeye amekwenda kulitazama bango. "Hilo sisaini. Peleka kwa Kamati."

Kamati ikakaa chini ya Waziri mwenyewe, chupa za maji zikafunguliwa, Kondo akaeleza. Alipendekeza taa ya magari ipakwe nyekundu.

"Mimi nisimamishe magari?" Waziri akashtuka. "Mgeni akipita aone foleni kwenye picha? Hapana."

Alipendekeza basi lirudishwe kwenye kituo cha mafuta.

"Wizara hii hairudi nyuma! Andika hiyo, ni nzuri." Wajumbe wakaandika. "Tuseme ukweli, ndugu zangu. Tatizo ni huyu mtoto. Kwa nini amesimama? Wiki nne katikati ya barabara! Vijana wetu hawana haraka. Hawana uzalendo wa miguu. Mimi nilipokuwa na umri wake nilikuwa navuka mito." Akanywa maji. "Hata hivyo Serikali haimwachi mtoto wake. Apewe koti la kung'aa."

Ikapitishwa kwa kauli moja. Kondo akapanda ngazi na kumpaka Mwantumu koti la njano linalong'aa, ili dereva amwone vizuri. Alipokuwa juu akalitazama basi, sasa liko kwenye nguzo ya taa, na akaona jambo ambalo baadaye alitamani asingeliona. Yale madirisha aliyoyaacha meupe yalikuwa na abiria, na abiria wote walikuwa wamesimama vitini wanatazama mbele.

Akashuka. Bi Sikudhani alikuwa amekaa chini ya ngazi.

"Koti," akasema.

"Koti, mama," akajibu Kondo.

"Niambie, fundi. Lazima awe marehemu?"

Kondo hakuelewa.

"Anayesimama pale. Kanuni yenu inasema lazima awe marehemu?"

"Hapana. Aliye hai anaruhusiwa. Ila ni idhini, nakala tatu, barua ya mtendaji, mashahidi wawili..." Hapo akaelewa. "Hapana! Mama Mwantumu, hapana. Basi linakuja."

"Nalijua. Yeye alikuwa amelipa mgongo. Mimi nitalitazama usoni." Akanyanyuka, akajikung'uta gauni. "Mtendaji wa mtaa anaingia ofisini saa ngapi?"

Anaingia saa tano, akiingia. Bi Sikudhani alimngoja siku sita. Mashahidi aliwapata wawili, muuza mkaa na mwalimu wa darasa la nne, na mwalimu aliweka saini huku machozi yanamtoka. Siku ya ishirini na moja akaziweka nakala tatu mezani kwa Bi Leokadia, zimepigwa pasi. Bi Leokadia akatafuta kosa, kwa kuwa alitaka sana liwepo, akalikosa. Akagonga mihuri yote kumi na mmoja.

Saa tisa alasiri hiyo Kondo akapanda ngazi. Kati ya basi na koti la njano palikuwa na upana wa vidole vinne. Akaingiza kisu chini ya karatasi, akambandua Mwantumu taratibu, na karatasi ilikuwa ya moto kama paji la uso la mtoto mwenye homa. Akambandika upande wa pili, kwenye lango la shule. Kisha akambandika mama mtu, kwa picha iliyokuja na zile nakala tatu, katikati ya kivuko. Mwili wake akauchora umelikabili basi, miguu imepanuka, na mkono wa kulia, ule mzito, umeinuliwa juu, kiganja wazi. Hakuambiwa amchore hivyo. Alipoteremka akakaa kwenye ngazi ya mwisho kama mlevi.

Asubuhi yake basi lilikuwa limesimama, pua yake inagusa kile kiganja. Mwantumu hakuwepo langoni. Hakuwepo popote kwenye bango, na Kondo alilipekua hatua zote thelathini. Lile lango alilokuwa amelichora limefungwa lilikuwa wazi kidogo.

*

Sasa sikilizeni lililofuata.

Bi Sikudhani mwenyewe, wa nyama na damu, alikuja asubuhi hiyo kuangalia. Watoto wa shule walikuwa wamejazana ukingoni mwa barabara wanasubiri pengo, na magari yanapita tu, moja juu ya jingine. Aliliona bango, akaona basi limesimama. Akaingia barabarani, akapanua miguu, akainua mkono.

Madereva wa nchi ile hawakuwahi kumsimamishia gari mtu aliye hai. Hawakufundishwa hivyo. Lakini kila dereva alijua kwamba walioko kwenye lile bango wote ni wafu, na huyu hapa mwanamke wa kwenye bango, gauni lile lile, mkono ule ule, yuko mbele ya kioo. Dereva wa kwanza akakanyaga breki kwa miguu yote miwili. Wa pili akasoma Ayatul Kursiyu. Wa tatu akajipiga ishara ya msalaba mpaka akajitia kidole jichoni. Barabara ya Shangwe ikasimama, njia zote tisa, na watoto mia sita wakavuka wakitembea.

Akarudi mchana. Akarudi kesho yake. Mwezi mzima kabati la Bi Leokadia halikuongezewa jalada.

Waziri akaja na utepe. Akaufunga kiunoni mwa Bi Sikudhani, akaukata. "Kivuko kimekamilika kabla ya wakati!" akatangaza. "Hakili umeme! Hakiharibiki! Kimetokana na malighafi ya ndani!" Na kwa kuwa kivuko ndicho kilichokuwa kazi ngumu kuliko zote, akaitangaza barabara nzima kuwa imejengwa.

Shida ilianza sokoni. Dereva mmoja alimwona Bi Sikudhani anagombea bei ya nyanya. Akamsikia anacheka. Akaenda kijiweni akawaambia wenzake, "Yule mama mzima kabisa! Anakula nyanya!" Siku iliyofuata magari mawili hayakusimama. Kioo cha pembeni cha moja kilimpiga Bi Sikudhani bega, na jingine likaondoka na begi la mtoto wa darasa la kwanza. Mtoto alibaki mikono mitupu, hana hata mkwaruzo. Ilikuwa bahati tu, na kila mtu aliijua.

Bi Leokadia akaenda nyumbani kwa dobi. Alikwenda mwenyewe, hakutuma mtu, na Kondo akamfuata nyuma. Bi Leokadia alibeba karatasi moja.

"Si kwa ubaya, dada yangu," akasema. Alikuwa hajawahi kumwita mtu dada akiwa kazini. "Wanasimama wakiamini umekufa. Wasipoamini hawasimami. Hii ni hati ya kifo. Ukiweka saini, itatangazwa. Hutakwenda sokoni, hutasalimiwa, hutacheka mahali pa watu. Usipoweka, kivuko kinafutwa Ijumaa."

Bi Sikudhani alikuwa anapiga pasi sare ya mtoto wa mtu. Akaimaliza, akaikunja.

"Nani ataniletea mahitaji?"

"Wizara itaweka kikapu mlangoni."

"Na dada yangu? Ataambiwa?"

Bi Leokadia akamsogezea karatasi.

"Usiweke, mama," akasema Kondo. "Tafadhali. Tutatafuta njia nyingine."

"Ipi, fundi?"

Kondo hakuwa na njia yoyote, na wote watatu walijua. Bi Sikudhani akapangusa mkono kwenye gauni, akaweka saini.

Matanga yalikaliwa siku tatu. Turubai likafungwa, wali ukapikwa, dada yake akalia kilio cha kweli mpaka sauti ikamkauka. Majirani waliokuwa wanajua waliinamisha vichwa marehemu alipowapita na ndoo yake kwenda barabarani, kwa kuwa tangazo lilikuwa limesomwa redioni na lina mhuri. Wiki ya pili wateja wakaja kuchukua nguo zao, maana nani ampe mfu shati la kupiga pasi. Walizichukua kambani bila kubisha hodi. Mwezi wa tatu hawakuinamisha vichwa tena. Walipita tu. Mwanamke aliyekaa naye ukuta kwa ukuta miaka kumi na tisa alimgonga kwa kiwiko njiani, akageuka, akaangalia huku na huku, akaendelea na safari yake akisoma dua.

Barabarani magari yalisimama kuliko hapo mwanzo.

Kondo peke yake ndiye aliyekwenda kumwona. Mtumishi wa Wizara alikatazwa kusema na kivuko, basi alikuwa anachukua ngazi na kopo la rangi, anajifanya anagusagusa bango, anasema naye bila kugeuka. Siku hiyo ilikuwa karibu na saa ya shule kufungwa, na moshi umetanda.

"Umekonda, mama."

"Hilo unaniambia wewe tu, fundi. Asante." Akainua uso kuelekea bango. "Wewe uko juu hapo. Niangalizie. Mwanangu alivuka kweli?"

Kondo akalitazama lango. Hakuwa anajua. Alikuwa amelitazama kila siku kwa miezi yote hiyo na hakuwa anajua.

"Alivuka, mama. Ameingia ndani."

"Alitazama nyuma?"

"Hakutazama nyuma."

"Vizuri," akasema Bi Sikudhani. "Nilimkataza. Nilimwambia, ukishaanza kuvuka usigeuke, hata kama ni mimi ninakuita." Akaitazama barabara. "Siku ile alisahau daftari, fundi. Nikatoka nalo mbio. Nikamwita."

Brashi ilimponyoka Kondo, ikaanguka. Hakuteremka kuiokota. Kengele ya shule ikalia, watoto wakaanza kutoka. Mama yake Mwantumu akapangusa uso kwa upindo wa gauni, akaingia barabarani, akainua mkono.